Wakili wa biashara: kumpata, kumlipa na kufanya naye kazi

Wafanyabiashara wengi humtafuta wakili siku barua ya madai imeshatua mezani. Kufikia hapo mkataba umeshasainiwa, fedha zimeshatoka, na anayelipwa analipwa kupunguza hasara tu. Wakili huyohuyo angeupitia mkataba wa kurasa nne kabla ya saini kwa sehemu ndogo ya ada ya kesi. Mwongozo huu ni wa mwenye duka, kiwanda kidogo, malori mawili matatu, au marafiki wanaotaka kufungua kampuni Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama zake, mawakili wake na wakala wake wa usajili, BPRA. Biashara ikiwa Unguja au Pemba, tafuta wakili aliyesajiliwa kule hata kama ofisi kuu iko Dar es Salaam.

Kazi ipi ya wakili, ipi si yake

Jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa Bara), TIN ya TRA, leseni ya halmashauri: haya unayafanya mwenyewe. Mfumo wa BRELA uko mtandaoni na unachotaka ni namba ya NIDA, barua pepe na subira. Ukimlipa mtu akujazie fomu umenunua muda, hukununua ushauri wa sheria. Hilo halina ubaya, mradi usilipe ada ya uwakili kwa kazi ya ukarani.

Kampuni ni habari nyingine. Fomu zake si ngumu. Kinachowaumiza watu ni katiba ya kampuni iliyonakiliwa kutoka kampuni ya mtu mwingine, yakabadilishwa majina, ikapakiwa kwenye mfumo. Chukua wawili wenye hisa 50 kwa 50, wote wakurugenzi. Mmoja anataka kununua mashine, mwenzake hataki. Hakuna mwenye kura nyingi, benki inataka saini mbili, na katiba iko kimya. Mmoja akifariki, hisa zake zinaingia kwenye mirathi, na aliyebaki anajikuta kwenye kikao na msimamizi wa mirathi ambaye hajawahi kukanyaga kiwandani. Kabla ya kusajili, mwambie wakili aandike mambo matatu: nani anaamua mkikwama, mtu akitaka kutoka hisa zake zinapigwaje bei na nani ana haki ya kuzinunua kwanza, na nini kinafuata mmoja akifa au ndoa yake ikivunjika. Yanaweza kukaa kwenye katiba yenyewe au kwenye makubaliano ya wanahisa ambayo hubaki mikononi mwenu.

Nyingine za kumpelekea wakili bila kusitasita: mkopo wenye dhamana ya nyumba au kiwanja, pango la fremu au ghala linalozidi mwaka, mkataba wa kuuza mzigo kwa mkopo, kumwachisha kazi mfanyakazi, na mwekezaji anayetaka hisa. Ongeza alama ya biashara. Watu hudhani kusajili kampuni kunalinda jina lao sokoni. Alama inasajiliwa peke yake, usajili wa kwanza Bara unadumu miaka 7, kisha inahuishwa kila miaka 10, na usajili huo hauvuki maji kwenda Zanzibar.

Hakikisha kwanza ni wakili kweli

Shahada ya sheria haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili. Wakili ni yule aliyeapishwa, jina lake likaandikwa kwenye orodha ya mawakili inayotunzwa Mahakama Kuu, na ambaye ana cheti hai cha mwaka husika. Cheti hicho kinakwisha tarehe 31 Desemba kila mwaka. Ukimtafuta wakili Januari, mwulize cha mwaka mpya, usikubali kuonyeshwa cha mwaka jana.

Kuhakiki ni kazi ya dakika tano. Mahakama ya Tanzania ina mfumo uitwao e-Wakili unaofunguka hata kwenye simu. Tafuta kwa jina kamili, halafu soma hali yake: anaruhusiwa kufanya kazi au haruhusiwi. Jina la mtaani halitatokea, kwa hiyo mwombe jina lake kama lilivyo kwenye orodha pamoja na namba yake ya uwakili. Wakili wa kweli hakasiriki akiulizwa hivyo.

Vishoka hupenda kukaa karibu na mahakama na ofisi za ardhi, na maneno yote ya kazi wanayajua. Suti nyeusi na mhuri wa mpira si ushahidi, mihuri inachongwa kila mtaa. Hatari yake si ada uliyotoa peke yake. Hati iliyoandaliwa na asiye na cheti hai inaweza kutupwa mahakamani, na wakati inatupwa huenda muda wa kufungua nyingine umekwisha.

Ziko dalili mbili unazoweza kuziona kwenye karatasi yenyewe. Sheria ya Mawakili, Sura 341, inamtaka aliyeandaa hati aandike jina na anwani yake juu yake. Ukurasa wa mwisho usipokuwa na mahali palipoandikwa “Imeandaliwa na”, uliza kwa nini. Dalili ya pili ni Kamishna wa Viapo aliyegonga mhuri kabla hujasaini. Yeye anatakiwa akuone ukisaini, kisha aandike mahali na tarehe ya kweli. Karatasi iliyogongwa asubuhi ikikungoja jioni ni karatasi mbovu, na wakili wa upande wa pili akiigundua hataiacha ipite.

Mhuri wa serikali ya mtaa nao una mipaka yake. Unaonyesha kwamba mwenyekiti aliwaona mkikubaliana. Haupimi kama vifungu vinakulinda.

Kumchagua anayefaa kazi yako

Andika majina matatu. Yatoe kwa mhasibu wako, kwa mfanyabiashara wa sekta yako mwenye mikataba mikubwa kuliko yako, na kwenye orodha ya Chama cha Mawakili wa Tanganyika, TLS. Mhasibu ndiye chanzo kizuri kuliko vyote, kwa sababu ndiye anayeona mikataba ipi ilileta shida na ipi ililipika.

Usitishwe na umaarufu. Anayesikika kwenye kesi kubwa za jinai huenda hajaandika mkataba wa usambazaji miaka mingi. Kuna anayeishi mahakamani na kuna anayekaa mezani na rasimu. Wachache ni wazuri kote. Kwa biashara ndogo, mahitaji yako mengi ni ya mezani. Swali la kumpima ni hili: “Mwaka huu umeandaa mikataba mingapi ya aina hii, na ni kifungu gani huwa kinaleta ubishi?” Aliyeifanya kazi atajibu papo hapo kwa mfano. Asiyeifanya ataanza kukueleza sheria kwa jumla.

Uliza pia nani hasa ataishika kazi. Kwenye ofisi kubwa unakutana na wakili mkuu, unalipa kiwango chake, halafu rasimu inaandikwa na kijana wa mwaka wa kwanza. Kijana kuandika si tatizo, huwa makini kuliko mkubwa mwenye haraka. Tatizo ni mkubwa kutoisoma kabla haijakufikia. Wakubaliane mbele yako nani anaandika, nani anapitia, na simu yako inapokewa na nani.

Halafu kuna suala la nani ni mteja, na hapa watu wengi huumia bila kujua. Wakili aliyeletwa na mwenye nyumba ni wa mwenye nyumba, hata kama nusu ya ada umetoa wewe. Wakili wa kampuni ni wa kampuni. Siku wanahisa mkigombana, hawezi kukutetea wewe dhidi ya mwenzako. Mfano mkali zaidi uko benki: ukikopa kwa dhamana ya nyumba, hati za rehani huandaliwa na wakili wa benki, ada inakatwa kwako, na wakopaji hutoka pale wakiamini wameshauriwa. Hawajashauriwa. Mwombe ofisa wa mikopo nakala ya hati siku kadhaa kabla ya kusaini, umpelekee wakili wako aangalie mambo mawili tu. La kwanza, kama kuna dhamana binafsi ya mkurugenzi, maana hiyo inakuvua kinga ya kampuni na kukufuata hadi mali zako za nyumbani. La pili, kama nyumba ni ya familia, ridhaa ya mwenza ilitolewaje. Ridhaa iliyosainiwa kwa kulazimishwa au na mtu asiye mwenza ndiyo inayojaza kesi za rehani.

Kabla hujamweleza siri yoyote, mpe majina ya upande wa pili, kampuni na wakurugenzi wake, aangalie kama ana mgongano wa maslahi. Ukishamwaga habari zote ndipo ikagundulika aliwahi kuwatetea, mmepoteza muda wote wawili.

Ada, kodi na risiti

Wakili wa biashara hutoza kwa njia tatu: bei moja kwa kazi moja, kwa saa, au kiasi cha kila mwezi. Mkataba, usajili wa kampuni au barua ya madai vinafaa bei moja. Ada ya mwezi inafaa kama unasaini mikataba kila wiki. Chini ya hapo unalipia kitu usichokitumia. Ukiichukua, iandikwe ni kazi gani zimo: tuseme kupitia mikataba miwili kwa mwezi, simu bila kikomo cha kipuuzi, barua mbili, na kwamba kesi haimo. Kwa saa, weka kikomo: “usivuke saa 6 bila kuniandikia kwanza”.

Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 yenye viwango kwa kazi nyingi, na wakili anaijua. Mwulize kazi yako inaangukia wapi, kisha makubaliano yenu yaandikwe. Ada ya mdomo ndiyo inayozaa ugomvi, kwa sababu kila mmoja anakumbuka namba yake.

Kwenye namba hiyo kuna kodi. Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18, na watoa huduma za kitaalamu wanatakiwa kujisajili bila kujali ukubwa wa mauzo. Ada ikiwa 1,500,000, VAT ni 270,000 na utakayolipa ni 1,770,000. Uliza kabla: “Bei hii ni pamoja na VAT?” Kama unalipa kama biashara, ipo pia kodi ya zuio, inayokatwa kwenye ada kabla ya VAT na kupelekwa TRA. Hiyo haiongezwi juu ya ada, inatoka ndani yake, na wakili unampa cheti chake. Wafanyabiashara huilipa ada nzima kwa ukarimu, halafu mkaguzi akija anawadai wao kodi waliyopaswa kuizuia.

Gharama za serikali zitenganishwe na ada. Ada za BRELA, mahakama, ardhi na ushuru wa stempu hulipwa kwa kontroli namba. Mwombe wakili akutumie namba yenyewe, ulipe mwenyewe benki au kwa simu, ubaki na risiti yenye jina la kampuni yako. Utaratibu huu mmoja unafuta ugomvi mwingi wa “nilikupa hela ya usajili, ikaenda wapi?” Ada yake nayo ipite akaunti ya ofisi, si namba yake binafsi ya simu, na risiti ya EFD itoke siku hiyo.

Mambo haya yote yakae kwenye barua moja ya makubaliano, kurasa mbili zinatosha. Iseme kazi ni ipi, kazi ipi haimo, nani anaifanya, rasimu ya kwanza lini, marekebisho mangapi yamo kwenye bei (mawili ni ya kawaida), ada na VAT, awamu za malipo, na namna ya kuachana. Awamu nzuri kwa kazi ya mkataba ni nusu mwanzo na nusu rasimu ya mwisho ikikabidhiwa. Anayetaka yote mbele kabla ya kuona karatasi hata moja, mwombe sababu.

Maelekezo: hapa ndipo kazi inaharibika

Rasimu mbovu nyingi hazitoki kwa wakili mbovu. Zinatoka kwa mteja aliyepiga simu akiwa kwenye daladala, akasema “niandikie mkataba wa mahindi, tutaelewana mbele”. Wakili akachukua mkataba wa zamani, akabadilisha majina. Mpelekee maelekezo ya maandishi, kwa barua pepe, na yawe na sura kama hii:

*Mkataba wa kuuza mahindi tani 30, kutoka Kibaigwa hadi Dar es Salaam. Sisi ni wauzaji. Mnunuzi ni kampuni ya kusaga unga, nakala ya cheti chake cha usajili imeambatishwa. Bei ni shilingi 800 kwa kilo, jumla milioni 24. Lori na mafuta ni vyetu. Tulichokubaliana kwa mdomo: nusu kabla ya kupakia, nusu baada ya kupokea. Tunachoogopa: kucheleweshewa nusu ya pili, na mzigo kukataliwa lori likiwa limeshafika. Hatutakubali kulipwa baada ya siku 14. Tunapakia Jumatatu, tunaomba rasimu Alhamisi saa 10 jioni.*

Mistari michache, na wakili ana kila kitu. Ule unaosema “tunachoogopa” ndio wa thamani kuliko yote. Wakili anajua sheria, hajui kwamba kwenye biashara yako wanunuzi hukataa mzigo makusudi bei ya soko ikishuka wakati lori liko njiani.

Ambatisha jumbe za WhatsApp za mazungumzo ya bei, zenye tarehe na namba za simu zikionekana. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa aina hiyo unaweza kupokelewa kama ushahidi, ukiwasilishwa kwa utaratibu wake. Usifute jumbe hizo, usibadilishe simu bila kuhifadhi. Na usimfiche wakili jambo baya. Ukikumbuka kwamba uliwahi kumwandikia mnunuzi “hata siku 60 sawa tu”, mwambie leo. Atalijua tu, ila atalijua kwa mdomo wa wakili mwenzake. Unachomweleza wakili kwa ajili ya ushauri kinalindwa na sheria, lakini ukiusambaza ushauri wake kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, kinga hiyo umeitupa mwenyewe.

Kuisoma rasimu

Usisome mkataba kuanzia ukurasa wa kwanza. Anza na fedha, kisha kutoka, kisha ubishi. Fedha: nani analipa, kiasi gani, siku gani, siku hiyo inahesabiwa tangu lini. Kutoka: nani anaweza kuvunja mkataba, kwa notisi ya siku ngapi, na nini kinabaki kulipwa. Ubishi: mnaanza na mazungumzo, mnakwenda kwa msuluhishi au mahakamani, na ya mji gani. Mfanyabiashara wa Kibaigwa aliyesaini kwamba kesi zote zitasikilizwa mji wa mbali atalipa nauli kila kesi ikiahirishwa.

Tuchukue kifungu kimoja cha ule mkataba wa mahindi, kama kinavyoandikwa mara nyingi:

*“Mnunuzi atalipa kiasi kilichobaki baada ya kuridhika na mzigo.”*

Kinasomeka vizuri na hakimlindi muuzaji hata kidogo. Kuridhika ni moyo wa mnunuzi, hakuna kipimo. Hakuna muda wa kupima, hivyo mzigo unaweza kukaa ghalani wiki tatu ukifyonza unyevu, kisha ukakataliwa kwa unyevu uleule. Hakuna anayeshuhudia upimaji. Na siku ya kulipa haijaanza kuhesabiwa kamwe, kwa hiyo hata ukimshitaki, atasema deni bado halijaiva. Wakili aliyeelekezwa vizuri atakirudisha hivi:

*“Mnunuzi atapima unyevu wa mahindi mbele ya mwakilishi wa Muuzaji ndani ya saa 6 tangu lori kufika ghalani kwa Mnunuzi na kabla ya kupakua. Mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5 yatapokelewa na pande zote zitasaini hati ya kupokelea. Mnunuzi asipopima ndani ya saa hizo, mzigo wote utahesabiwa umepokelewa. Mnunuzi atalipa kiasi kilichobaki ndani ya siku 14 tangu tarehe ya kupokelewa.”*

Asilimia 13.5 ndiyo kikomo cha unyevu kwenye kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, kwa hiyo hakuna atakayebisha namba imetoka wapi. Ukitaka kukamilisha, ongeza nani analipa siku za lori kusubiri, na sampuli ya pili inapelekwa maabara gani mkibishana kuhusu sumukuvu. Fanya zoezi hili kwenye kila kifungu kinachogusa fedha: tafuta maneno kama “kwa wakati unaofaa”, “kwa ubora mzuri”, “kadiri itakavyowezekana”, uyabadilishe kuwa saa, kilo, asilimia na tarehe.

Lugha nayo ni haki yako kuichagua. Mikataba mingi ya kampuni huletwa kwa Kiingereza. Omba ya Kiswahili, au matoleo mawili yenye kifungu kinachosema lipi litatawala yakitofautiana. Bila kifungu hicho, ubishi wa kwanza utakuwa juu ya tafsiri.

Kabla ya saini, wakili afanye upekuzi BRELA wa kampuni ya upande wa pili. Upekuzi unaonyesha kama kampuni ipo, wakurugenzi ni nani, na kama ina madeni yaliyosajiliwa juu ya mali zake. Inatokea anayesaini kama “mkurugenzi” alishajiuzulu, au ni meneja asiye na idhini. Mtake alete azimio la bodi linalomruhusu.

Baada ya saini

Sainini kila ukurasa, nakala mbili, kila upande na yake. Mikataba mingi, ukiwemo wa pango, inapaswa kulipiwa ushuru wa stempu TRA ndani ya siku 30. Kwa pango ni asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka: fremu ya 500,000 kwa mwezi ni 6,000,000 kwa mwaka, ushuru ni 60,000. Usipolipa, mkataba haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipe pamoja na faini, na hilo hujulikana siku ile unauhitaji zaidi. Kwenye pango hilohilo, mpangaji mfanyabiashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Mkataba useme wazi kama kiasi mlichokubaliana ni kabla au baada ya makato hayo, la sivyo mwenye nyumba atakwambia yeye hajui habari za zuio.

Siku zinazohesabika

Barua ikifika, andika juu yake tarehe na saa uliyoipokea, tunza bahasha, piga picha, mpelekee wakili siku hiyohiyo. Usimjibu aliyekuandikia, hata kwa “nimepokea, tutalipa”, maana hilo ni kukiri deni.

Baadhi ya muda huu hauna huruma. Ukipewa hati ya madai ya mahakamani, utetezi wa maandishi unatakiwa ndani ya siku 21 tangu ulipoipokea. Ukipitiliza, hukumu inaweza kutolewa bila kukusikiliza. Mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa hiyo nyaraka zako za nidhamu ziwe tayari kabla hujamkabidhi barua, si baada. Makadirio ya kodi usiyoyakubali yanapingwa ndani ya siku 30, na pingamizi halipokelewi bila kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishania, kile kilicho kikubwa. Deni la mkataba linadaiwa mahakamani ndani ya miaka 6. Ukitaka kuishitaki serikali, kuna notisi ya siku 90 kwanza.

Unapompelekea wakili kesi, mwulize maswali ya hesabu: itagharimu kiasi gani hadi hukumu, miezi mingapi kwa makisio, na mdaiwa ana mali gani ya kukamatwa. Hukumu ya milioni 12 dhidi ya kampuni yenye meza mbili na kompyuta ni karatasi nzuri ya kutundika ukutani. Mara nyingi barua ya madai ya siku 14, iliyoandikwa vizuri na kuambatishwa mkataba na hati ya kupokelea, hufanya kazi zaidi.

Kubaliana naye pia jinsi ya kupeana habari. Barua pepe moja kila baada ya tarehe ya kesi: kilichotokea, kinachofuata, unachotakiwa kuleta. Ukianza kupigwa danadana, “nitakupigia”, “faili liko kwa karani”, nenda mwenyewe masjala ya mahakama na namba ya kesi. Mwenendo wa shauri lako una haki ya kuujua.

Mkishindwana

Ankara ikizidi mlichoandikiana, omba kwa maandishi mchanganuo wa kila kazi na tarehe yake. Mengi huishia hapo. Ikishindikana, gharama zinaweza kupelekwa mbele ya ofisa wa mahakama anayezitathmini. Kwa makosa ya maadili, kama kula fedha za mteja, kutetea pande mbili au kulitelekeza shauri, malalamiko hupelekwa Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kumwonya, kumsimamisha na hata kumfuta kwenye orodha. Peleka barua ya makubaliano, risiti na mawasiliano kwa mpangilio wa tarehe. Maneno matupu hayafiki mbali.

Kumbadilisha wakili ni haki yako wakati wowote, lakini ana haki ya kushikilia faili mpaka ada halali ilipwe. Ndiyo sababu hati halisi za kiwanja, kadi za magari na vyeti vya kampuni havikai kwake bila lazima. Mpe nakala, na ukilazimika kumpa halisi, asaini hati ya makabidhiano yenye orodha. Siku ya kuondoka lipa unachodaiwa, chukua faili lote kwa orodha iliyosainiwa, na hakikisha wakili mpya amewasilisha mahakamani taarifa ya mabadiliko kabla ya tarehe inayofuata ya kesi. Asipofanya hivyo, wito na taarifa zitaendelea kwenda kwa yule wa zamani, ambaye hana sababu tena ya kukupigia simu.